Masomo Saba ya Mwalimu

Sura ya Julius Kambarage Nyerere niliijua kabla ya kulijua jina lake. Shangazi yangu anauza vitenge na vyombo vya plastiki hapa Kalemie, na mali yake huivusha kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Nilipokuwa mdogo, jioni akirudi kutoka bandarini alimwaga pesa mezani na kunipa kazi ya kuzipanga: faranga za Kongo upande huu, dola upande ule, shilingi za Tanzania katikati. Kwenye noti ya shilingi 1000 kulikuwa na mzee mmoja mtulivu. Nilimpa jina langu mwenyewe, Baba Elfu, na nilikuwa na desturi ya kumwamkia kabla sijamfunga kwa mpira pamoja na wenzake.

Leo nina miaka 24 na ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika. Mwaka huu tulipewa fomu ya kuchagua masomo ya hiari. Wasomaji wa jarida hili wanajua hesabu ya mfumo wa LMD: lisansi ni krediti 180, krediti 60 kila mwaka, nyingi zimekwisha pangwa, chache tunachagua wenyewe. Mimi nilitaka kuvuka uwanja na kwenda kwa majirani wa sayansi ya jamii: nichukue anthropolojia, nichukue uchumi, na kama ratiba ingekubali niongeze historia. Nilipomweleza shangazi, ambaye ndiye anayenilipia minervali, alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza mtu anayeonja kila sufuria sokoni anashibia wapi. Akanikumbusha mtoto wa jirani anayesoma udaktari: kila mtu mtaani anajua yule atakuwa nani. Mimi nitakuwa nani?

Sikuwa na jibu. Lakini nilikumbuka kwamba yule Baba Elfu wa utotoni aliwahi kusimama mbele ya chaguo kama hilo, na nikaanza kuyasoma maisha yake kwa jicho hilo moja. Niliyoyakuta yamenipa moyo, na pia yamenisumbua. Nayaandika yote mawili.

Kambarage alizaliwa Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Musoma, mashariki mwa ziwa jingine kubwa, Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Nyumbani lugha ilikuwa Kizanaki, lugha ya Kibantu ya watu wachache. Kiswahili alikutana nacho shuleni, na Kiingereza baada yake. Kwa hiyo alikuwa kama wengi wetu katika fakulte hii, tuliolelewa kwa Kitabwa, Kiholoholo au Kiluba, tukachezea Kiswahili barabarani, kisha tukafanyia mtihani Kifaransa.

Alianza shule akiwa na miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Kutoka Butiama hadi huko ni mwendo wa kilomita kama 40. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoigwa kutoka shule za mabwana wa Uingereza na ambayo hapo mwanzo ilikusudiwa watoto wa machifu. Tabora ni mji ambao wazee wetu hapa ziwani waliujua kwa njia nyingine, ile ya misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka upande huu wa maji kwenda pwani. Miaka michache baada ya misafara hiyo kukoma, reli ilipita palepale, na shule ikasimama.

Mwaka 1942 baba yake alifariki. Desemba 1943 Kambarage alibatizwa katika Kanisa Katoliki na kuchukua jina la Julius. Mwaka huohuo alikuwa ameingia Makerere, Uganda. Wakati ule Makerere haikuwa ikitoa shahada. Alisomea stashahada ya ualimu, akichanganya kemia na biolojia na lugha za kale, Kilatini na Kigiriki. Hapo tayari unamwona mtu asiyekaa katika chumba kimoja.

Jambo lililonivutia zaidi katika miaka ya Makerere ni insha. Kijana huyu alimsoma John Stuart Mill, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeandika juu ya kutiishwa kwa wanawake, akayachukua mawazo yale na kuyatumia kutazama maisha ya wanawake wa Kizanaki. Aliandika juu ya uhuru wao, na insha ikashinda tuzo katika mashindano ya Afrika Mashariki. Mwandishi alikuwa mwana wa mke wa tano kati ya 22. Hakuna mwalimu aliyempa swali lile. Alitoka nalo nyumbani, akalipeleka kwenye vitabu.

Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha. Shule mbili zilimtaka, moja ya serikali na nyingine ya misheni. Aliichagua ya misheni, St. Mary's, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa serikali. Alifundisha biolojia na historia, tena mchanganyiko. Shule ilikuwa ya Mapadre Weupe, shirika lilelile ambalo watu wa Tanganyika yetu wanalijua tangu siku za Mpala, kusini mwa Kalemie. Padre mmoja kutoka Ireland, Richard Walsh, alimsukuma aendelee na masomo na kumsaidia kupata njia ya kwenda Uingereza. Serikali ya kikoloni ikatoa fedha.

Mwaka 1949 alifika Uingereza. Hapa ndipo maisha yake yalipogusana na fomu yangu. Alikuwa mwalimu wa biolojia, na njia iliyoonekana mbele yake ilikuwa ya sayansi. Alianza hata na kozi fupi ya kemia na fizikia, huku akifaulu mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu vya Scotland. Kisha, Oktoba 1949, akapokelewa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika Kitivo cha Sanaa. Fizikia ikabaki nyuma.

Shahada aliyosomea inahitaji maelezo, maana jina lake linadanganya. Iliitwa Master of Arts, lakini kwa desturi ya Scotland hiyo ni shahada ya kwanza, sawa na lisansi yetu. Tena ilikuwa na milango miwili. Mlango wa heshima ulikuwa wa mwanafunzi anayetaka kuchimba somo moja hadi chini. Mlango wa pili, uliojulikana kama shahada ya kawaida, ulimruhusu mwanafunzi kuchukua masomo kutoka idara mbalimbali, mwaka hadi mwaka, mradi ayafaulu. Nyerere alipita mlango wa kawaida.

Mwaka wa kwanza alichukua fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia ya jamii. Mwaka wa pili akachukua historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu akachukua sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Ukihesabu ni masomo saba. Nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza yangu, na kila mgeni anayeingia chumbani anadhani ni ratiba ya mitihani.

Alama zake hazikuwa za kushangaza. Alifaulu yote, basi. Nalisema hili kwa ajili ya wenzangu wanaodhani kwamba watu wakubwa walikuwa wa kwanza darasani kila mwaka. Baadaye Nyerere mwenyewe alieleza kwamba kule Edinburgh alipata muda mwingi wa kusoma na kufikiri nje ya vipindi, na kwamba fikra zake zote za kisiasa zilikomaa pale. Shahada ya kawaida ilimwachia nafasi, na nafasi ile hakuilalia. Aliandika makala ndefu juu ya tatizo la rangi katika Afrika Mashariki, iliyokaa miaka mingi bila kuchapishwa. Alisimama kwenye mikutano ya kupinga mpango wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya walowezi. Mwaka aliofika, wanafunzi weusi kutoka makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki waliokuwa Scotland yote walikuwa wawili tu. Upweke huo nao ulikuwa darasa.

Kila somo kati ya yale saba lilikuwa na kazi yake. Anthropolojia, aliyofundishwa na Ralph Piddington, ilimwonyesha jinsi wageni wanavyowaeleza watu kama Wazanaki: ukoo, ndoa, mahari, mvua, uchifu. Nadhani kwa mwana wa chifu kusoma hayo kulikuwa kama kusikia majirani wakizungumza juu ya nyumba yako bila kujua kwamba umesimama dirishani. Historia ya Uingereza alifundishwa na Richard Pares, mtaalamu wa visiwa vya sukari vya Karibi na biashara iliyojengwa juu ya watumwa. Nyerere alimkumbuka kwa heshima kama mtu aliyemsaidia kuwaelewa Waingereza wanavyoendeshwa na mambo yao. Sheria ya katiba ilimpa lugha ya kusemea jambo alilolijua moyoni: Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mdhamini ana siku ya kuondoka.

Julai 1952 alipata shahada yake, akarudi nyumbani. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, mwalimu mwenzake. Akaenda kufundisha historia Pugu, karibu na Dar es Salaam. Aprili mwaka huo alichaguliwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama kile kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, na kudai kwa upole na kwa hoja kwamba nchi yake itambuliwe kuwa ni nchi ya Waafrika inayoelekea kujitawala. Sheria ya katiba ilikuwa imelipa. Aliporudi ilibidi achague kati ya darasa na siasa. Aliacha kazi ya kufundisha, lakini jina la Mwalimu halikumwacha hadi kaburini.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wiki chache baadaye, Januari 1962, alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Aprili akatoa kijitabu chake juu ya ujamaa. Hapa naomba wasomaji wa isimu wakae karibu, kwa sababu naamini masomo saba ya Edinburgh tunaweza kuyaona ndani ya maneno yenyewe.

Tulichukue neno ujamaa. Mzizi ni jamaa, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa Waswahili limekuwa la damu, la nyumbani na la mlo mmoja. Kiambishi u- kinalifanya kuwa nomino dhahania, kama utu na undugu. Kabla yake neno hili lilimaanisha uhusiano wa jamaa. Nyerere alilichukua akalibebesha mzigo wa siasa ya uchumi ya karne ya 20. Mchumi peke yake angetafuta neno la kukopa na kulitamka Kiswahili. Mwanaanthropolojia peke yake angelieleza neno lilivyo na kuliacha kijijini. Huyu alikuwa na vyote viwili, na Kiswahili katikati. Au tulichukue kujitegemea, neno la sera yake ya elimu ya Machi 1967. Kiambishi -ji- kinaurudisha mtegemeo kwa mtegemeaji mwenyewe, na falsafa nzima ya maadili inakaa katika silabi moja.

Fasihi ya Kiingereza nayo haikulala. Mwaka 1963, akiwa rais, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mwaka 1969 tafsiri ya ile ya mfanyabiashara wa Venice. Ya pili aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Angeweza kuandika mfanyabiashara, neno la kila siku sokoni. Alichagua bepari, tena kwa wingi, na kwa neno hilo moja mchezo wa Mwingereza wa karne ya 16 ukaingia katika mjadala wa Azimio la Arusha, lililokuwa limetangazwa Februari 1967. Ukikubaliana na chaguo lile au ukilipinga kama tafsiri, na katika semina zetu tumelipinga, huwezi kulieleza kwa isimu tupu. Unahitaji kujua uchumi wa siasa.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa na jibu zuri la kumpelekea shangazi. Lakini maisha ya Nyerere yanaendelea, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonisumbua.

Mtu huyu aliyeruhusiwa kuiacha fizikia akaenda kwenye falsafa alikuja kutawala nchi isiyoweza kuwaruhusu vijana wake hivyo. Mwenyewe alikuwa akikumbusha kwamba wakati wa uhuru asilimia 85 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na kwamba nchi ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Sisi Wakongo tunaijua hesabu ya namna hiyo. Mwaka 1960 tulikuwa na yetu. Kwa hiyo serikali ya Tanganyika, baadaye Tanzania, ilipanga: wahandisi wangapi, walimu wangapi, madaktari wangapi. Misaada ya masomo ilifungwa kwa mahitaji ya mpango, na mwanafunzi aliahidi kuitumikia nchi miaka mitano baada ya kuhitimu. Kuzunguka kutoka idara hadi idara, kama alivyofanya yeye, ilikuwa anasa.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima kwa wasomi. Walimkuta Ikulu. Alikasirika, akaona ni wateule wanaokataa kulipa deni kwa wakulima waliowasomesha. Zaidi ya 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Nimejaribu kuwa upande mmoja katika kisa hiki na nimeshindwa. Nikimsoma rais, naona ana haki: mwanafunzi aliyelipiwa na watu wenye njaa hana ruhusa ya kujiona bwana. Nikiwasoma wanafunzi, nawaona vijana wa umri wangu wakiadhibiwa kwa kufanya kile Nyerere alichokifanya Edinburgh, kusimama mkutanoni na kupinga mamlaka.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi. Upande mmoja liliharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977, jambo ambalo nchi chache maskini ziliwahi kulithubutu. Upande wa pili lilifunga njia ya kutoka sekondari moja kwa moja hadi chuo kikuu: kwanza kijana afanye kazi, apate na barua ya chama. Idadi ya wasichana chuoni ilishuka, na baadaye wao wakaondolewa sharti hilo. Namkumbuka mwandishi wa ile insha ya Makerere, nashangaa kwamba hakuliona mapema.

Miaka hiyohiyo wakulima kwa mamilioni walihamishiwa vijijini, wengine kwa hiari, wengi kwa nguvu. Mwana wa Butiama aliyesoma anthropolojia alijua kwamba mahali pa kuishi ni pamoja na makaburi, mashamba na mizimu ya mvua. Alijua, na bado amri ilitoka. Kuchanganya masomo hakumfanyi mtu asikosee. Nadhani kunampa tu uwezo wa kuliona kosa lake baadaye, kama ana ujasiri wa kulitazama. Nyerere, kwa haki yake, alikiri hadharani zaidi ya mara moja kwamba baadhi ya mambo yalikwenda vibaya, na mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari, jambo ambalo upande wetu wa ziwa watu walilitazama kwa mshangao.

Hata katika lugha aliacha fundo. Aliinua Kiswahili kuliko kiongozi yeyote niliyemsoma. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na Kiswahili kikawa lugha ya serikali, ya bunge na ya shule ya msingi. Lakini sekondari na chuo kikuu vilibaki kwa Kiingereza, na tume ya miaka ya 1980 ilipopendekeza kubadili, serikali haikubadili. Yeye mwenyewe alitetea Kiingereza, akikifananisha na Kiswahili cha dunia. Sisi tunaoandika jarida hili kwa Kiswahili na kufanyia mitihani Kifaransa hatuna haki ya kumcheka. Fundo ni letu pia.

Miaka ya mwisho alirudi Butiama kwenye shamba na vitabu. Aliitafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya utenzi, yakachapishwa mwaka 1996. Mwaka huo pia alikuwa msuluhishi wa vita vya Burundi, vita ambavyo watu wa ziwa letu waliviona kwa macho, kwa mitumbwi iliyojaa watoto. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Katika mwanafunzi wa Edinburgh hakuna kilichopotea: mfasiri alitoka kwenye fasihi, msuluhishi alitoka kwenye sheria na falsafa ya maadili.

Nilirudi kwa shangazi na nini, basi? Sikuweza kumwambia kwamba masomo mchanganyiko yanaleta urais, wala kwamba yanaleta kazi. Nilichojifunza ni kidogo na kigumu zaidi. Masomo saba ya Nyerere yalishikana kwa sababu alikwenda nayo akiwa na swali lake: kwa nini watu wangu wanatawaliwa na wengine, na wakijitawala wataishije? Bila swali lile yangekuwa kweli kuonja sufuria. Na nimejifunza kwamba uhuru aliopewa yeye wa kuchagua ni deni. Alipokuwa na madaraka aliona kwamba nchi yake haimudu kuwapa wengine, na labda alikuwa sahihi kwa miaka ile, lakini walioukosa walikuwa watu wenye maswali yao pia. Hizi krediti chache za hiari zilizo kwenye fomu yetu, ambazo wengi tunazijaza kwa kufuata kipindi chepesi au asistanti mpole, ni kitu ambacho vijana wengi wa kanda hii hawakupewa.

Kwa hiyo ilibidi nitafute swali langu kabla ya kusaini. Lilikuwa mezani kwetu tangu utotoni. Bandarini Kalemie shangazi huhesabu kwa Kifaransa, hupatana bei kwa Kiswahili cha Kigoma, na akitaka kumtania mchukuzi hugeuka kwenye Kitabwa, yote kabla jua halijawa kali. Kwa nini bei ina lugha moja na utani una nyingine? Nani anapata hasara asipoijua lugha ya hesabu? Isimu inanipa vifaa vya kuyarekodi maneno. Kuelewa bei nahitaji uchumi, na kuelewa utani kati ya koo nahitaji anthropolojia.

Nilimweleza shangazi hivyo, nikiwa na noti ya Baba Elfu mkononi kama hirizi. Yeye huniita baba, kwa kuwa nimechukua jina la baba yake, na akiniita hivyo najua kuna amri inakuja. Alicheka kwanza. Kisha akasema kama kweli nataka kusoma mdomo wake, basi Jumamosi saa kumi na moja alfajiri niwe bandarini, na nikishafika nibebe na mabeseni.

Fomu nimeipeleka kwa apariteri. Jumamosi nilikwenda.